Nani Alisema Ndio?

Alhamisi, Septemba 20, 2018, Bunge la Taifa la Kenya lilikuwa na jambo moja zito la kuamua: je, petroli, dizeli na mafuta ya taa yatozwe VAT ya asilimia 8? Wiki chache kabla ya siku hiyo wabunge hao hao walikuwa wamekubaliana kwamba ushuru wa mafuta uahirishwe kwa miaka miwili. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha mswada pamoja na waraka wa kupendekeza asilimia 8, na ili kuukataa waraka huo zilihitajika thuluthi mbili za wabunge wote. Ukumbi ukageuka vurugu. Wabunge walisimama, wakapiga kelele, wakadai kuhesabiwa. Soipan Tuya, aliyekuwa akiongoza kikao, akapima sauti kwa masikio na kutangaza kwamba waliosema "ndio" wameshinda. Kesho yake Rais akatia saini.

Kuanzia hapo kila mwenye bodaboda, kila anayepanda matatu, kila mama anayewasha jiko la mafuta ya taa amekuwa akiulipa uamuzi ule. Lakini nani hasa alisema ndio? Hakuna anayeweza kujibu kwa ushahidi. Kura ya sauti haiachi majina. Mbunge yeyote aliyekuwa ukumbini siku ile anaweza kurudi kwa watu wake na kuapa kwamba yeye alipaza sauti ya "la", na hakuna karatasi popote ya kumsuta.

Miaka mitano baadaye ushuru huo ulipandishwa maradufu, hadi asilimia 16, kupitia Mswada wa Fedha wa 2023. Safari hiyo, Juni 21, 2023, wabunge walihesabiwa: 184 waliunga mkono, 88 walipinga. Majina yapo. Mkazi wa eneobunge lolote anaweza kutafuta jina la mbunge wake na kujua alisimama wapi siku bei ya safari yake ilipoamuliwa.

Kwa wengi, hata hivyo, orodha hiyo haina maana kubwa. Muulize mpiga kura, awe Kisii au Kilifi, mbunge wake amefanya nini, naye atakujibu papo hapo: amejenga madarasa mawili, ameleta transfoma, ametoa basari, alifika matangani na kuacha bahasha. Mbunge wa aina hiyo huitwa mchapakazi. Kura alizopiga hazitajwi kabisa. Mazoea haya yamepata hata watetezi wenye kalamu, ambao wameyageuza kuwa nadharia: eti kura za bungeni ni mambo ya vyama, huamuliwa mapema katika mikutano ya mirengo, na kumfuatilia mbunge mmoja mmoja ni kujisumbua. Kwa mujibu wao, mbunge apimwe kwa kile kinachoonekana kwa macho mashinani.

Nadharia hii ni ya makosa, na inawagharimu Wakenya pesa nyingi kuliko madarasa yote yaliyozinduliwa kwa utepe.

Kosa la kwanza ni kusahau mbunge huajiriwa kufanya nini. Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinaitaja kazi ya Bunge la Taifa waziwazi: kuwakilisha wananchi, kutunga sheria, kuamua mgao wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti, kuidhinisha matumizi ya fedha za serikali, na kuzisimamia taasisi za dola. Kujenga barabara hakumo. Kuna mashirika ya barabara kwa kazi hiyo, na kaunti 47 zenye magavana na bajeti zake. Kutoa basari hakumo pia. Hakuna mtu mwingine yeyote nchini, awe gavana, chifu au mfadhili, anayeweza kumpigia kura mkazi wa eneobunge juu ya ushuru utakaokatwa kwenye mshahara wake. Madarasa yanaweza kujengwa na wengine. Kura ile ni ya mtu mmoja tu.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Hazina ya ustawi wa maeneobunge, ile NG-CDF ambayo wabunge hujivunia kila wanaposhika kipaza sauti, imewekewa na sheria kiwango cha asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu katika mapato ya taifa. Hicho ndicho kisima cha basari na madarasa. Asilimia 97.5 iliyobaki, penye mishahara ya walimu, dawa za hospitali za rufaa na silaha za polisi, hupitia kwenye kura za Bunge la Taifa. Anayempima mbunge kwa basari anamkagua kwa asilimia mbili na nusu, na kuziacha tisini na saba na nusu bila swali.

Hata hiyo sehemu ndogo ina utata wa kisheria. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa sababu inawapa watunga sheria kazi ya serikali na kuvuruga ugatuzi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria iliyoichukua nafasi ya ile ya kwanza. Wabunge walijibu vipi? Julai 2025 walipitisha mswada wa kurekebisha Katiba ili hazina hiyo ipate ulinzi wa kudumu, na wakavuka kwa mbali ile idadi ya 233 inayotakiwa.

Idadi hiyo ya 233 ina historia nyingine inayopaswa kukumbukwa. Februari 27, 2019, Bunge lililotangulia lilikuwa na mswada wa kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili za kijinsia (jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wabunge), ahadi iliyomo ndani ya Katiba yenyewe na ambayo mahakama zilikuwa zimeagiza itimizwe. Matokeo: 174 waliunga mkono, 53 walipinga. Mswada ukafa. Haukuuawa na wale 53, maana walikuwa wachache mno. Uliuawa na viti vilivyokuwa vitupu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alifikia hatua ya kumshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza agizo hilo, na ushauri wake haukufuatwa. Ni wangapi kati ya waliokosekana siku ile waliulizwa na watu wao kwenye uchaguzi wa 2022 walikuwa wapi? Kutokuwapo ni kura, tena ya kufaa sana kwa mtu asiyetaka kuonekana akipinga. Ndiyo maana rekodi ya kweli ya mbunge lazima iwe na safu tatu, ndio, la na hakuwapo, na safu ya tatu isomwe kwa makini kama mbili za mwanzo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ile ya vyama. Wanaoitoa huuliza: kama mbunge hupiga kura anavyoamriwa na kiranja wa mrengo wake, kuna haja gani ya kumfuatilia? Jua chama chake, utakuwa umejua kura yake.

Hoja hii ingekuwa na nguvu katika nchi ambayo vyama hukaa mahali pamoja. Kenya siyo nchi hiyo. Juni 20, 2024, Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulisomwa mara ya pili na kupata kura 204 dhidi ya 115. Siku tano baadaye, uliposomwa mara ya tatu huku barabara za Nairobi zikiwa zimejaa vijana, ulipata 195 dhidi ya 106, na kura tatu zikaharibika. Ndani ya wale 195 walikuwamo wabunge waliochaguliwa 2022 kwa tiketi za upinzani. Ndani ya wale 106 walikuwamo waliochaguliwa kwa tiketi za mrengo wa serikali. Zaidi ya wabunge 40 hawakuonekana upande wowote. Mtu aliyeitegemea beji ya chama kumwambia mbunge wake alipiga kura gani angekosea mara nyingi. Oktoba 8 mwaka huo huo, wabunge 281 wa mirengo yote miwili waliungana kupitisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, 44 wakikataa. Baada ya hapo, anayeweza kueleza kwa kutaja chama peke yake mbunge fulani anamtumikia nani atakuwa na kipaji adimu.

Na tuseme mbunge anaifuata amri ya chama kila siku, bila kukosa hata mara moja. Hata hapo rekodi ina kazi. Itamwonyesha mpiga kura kwamba mtu aliyemtuma Nairobi kusema kwa niaba yake hana la kusema mwenyewe. Hiyo ni habari kubwa, na uchaguzi ujao ni mahali pake.

Yaliyotokea Juni 2024 yanastahili kutazamwa kwa muda, kwa sababu yaliuvunja uongo mwingine: kwamba Mkenya wa kawaida hajali kura za bungeni. Vijana waliusoma mswada. Wakaufasiri kwa lugha za mama, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye video fupi, wakajua ni kamati ipi inaushughulikia. Juni 18 Kamati ya Fedha ilikubali kuondoa VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari, kabla kura hata moja haijapigwa ukumbini. Baada ya kila kura, orodha za majina na picha za wabunge zilisambaa kwa simu ndani ya saa chache. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, na vijana wakapigwa risasi na kufa barabarani. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini mswada huo.

Wapo wanaoitumia siku hiyo kama ushahidi kwamba majina yasitangazwe. Wanasema nyumba na biashara za wabunge zilivamiwa, na ni kweli, na lilikuwa kosa. Lakini tazama kilichowafikisha watu huko. Orodha zilizozunguka zilitengenezwa haraka na watu binafsi, nyingine zikiwa na makosa, na wapo wabunge waliolazimika kujitokeza kukana kura walizodaiwa kupiga. Orodha rasmi, iliyotolewa na karani wa Bunge saa ile ile matokeo yanaposomwa, ingemlinda mbunge aliyesingiziwa kuliko askari yeyote. Uvumi hustawi pale rekodi inapochelewa.

Kuna pingamizi jingine la usalama ambalo ni la haki zaidi, nalo linatoka Tanzania. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma, mzozo wa mapema kabisa ulikuwa iwapo kura iwe ya siri au ya wazi. Waliotaka ya siri walihofia kwamba wajumbe wenye mawazo tofauti na chama chao wangeadhibiwa. Hatimaye kila mjumbe aliruhusiwa kuchagua mwenyewe. Othman Masoud Othman, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alichagua kura ya wazi na kuzikataa hadharani baadhi ya ibara zilizohusu Muungano na mamlaka ya Zanzibar. Ndani ya siku chache aliondolewa kwenye wadhifa wake. Kwa hiyo hofu ya kisasi haikuwa ya kubuni.

Hata hivyo, mfano huo huo una upande wa pili. Kiongozi wa chama hahitaji orodha iliyotangazwa ili ajue nani amemgeuka. Kiranja wake yumo ukumbini, anaona nani kasimama na nani kakaa, na jioni atapeleka taarifa. Katika kura ya sauti, anayefichwa ni mwananchi peke yake. Isitoshe, ile "hapana" ya Othman Masoud inakumbukwa mpaka leo Unguja na Pemba kwa sababu ilisemwa kwa jina lake. Mwaka 2021 alirudi serikalini akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Kura ya siri ingemwepusha na adhabu, lakini ingewanyima Wazanzibari haki ya kujua nani alisimama wapi.

Kati ya wale wanaokubali kwamba mbunge afuatiliwe, limezuka kosa jingine, la kuhesabu maneno. Kila mwaka magazeti huandika habari za wabunge "bubu", waliomaliza miezi kumi na miwili bila kutamka neno ukumbini, na za vinara waliosimama kuzungumza mara nyingi zaidi. Takwimu hizo hutokana na kazi ya shirika la Mzalendo, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Ory Okolloh na Conrad Akunga waliianzisha mwaka 2005, wakati ambapo tovuti ya Bunge la Kenya ilikuwa imezimwa baada ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. Hebu fikiria: mwananchi hakuruhusiwa kusoma hata elimu na kazi za awali za mtu aliyemchagua. Raia wawili waliokuwa na kompyuta na hasira ya haki walianza kufanya kazi ambayo taasisi yenye bajeti ya umma ilikataa kuifanya.

Tatizo liko kwa jinsi takwimu za hotuba zinavyosomwa. Mbunge anayesimama kumpongeza Spika, kuwakaribisha wanafunzi waliotembelea ukumbi na kumuunga mkono mwenzake kwa sentensi mbili huingia katika hesabu sawa na yule aliyekaa wiki tatu kwenye Kamati ya Hesabu za Umma akimhoji katibu wa wizara juu ya stakabadhi zilizopotea. Uingereza ililiona hili mapema. Tovuti ya TheyWorkForYou, iliyoanza 2004, ilikuwa ikiwapanga wabunge kwa idadi ya hotuba na maswali, na baada ya muda kukawa na malalamiko kwamba wengine wanauliza maswali ili kupandisha nafasi zao tu. Kinachohesabiwa huongezeka, hata kama hakina faida. Kura haiwezi kuchezewa hivyo: ni moja kwa kila mbunge kwa kila jambo, na kila moja ina matokeo.

Waingereza, kwa kweli, wamekuwa wakichapisha rasmi majina ya wapiga kura wa Bunge lao tangu 1836. Ndiyo maana Machi 2003, wabunge 139 wa chama cha Labour walipomgeuka waziri mkuu wao, Tony Blair, juu ya vita vya Iraq, kila mmoja alijulikana. Mwaka huo huo Francis Irving na Julian Todd waliunda Public Whip, chombo cha kuonyesha kila mbunge alipiga kura gani na mara ngapi aliasi chama chake. Hadi leo mgombea wa Uingereza aliyekuwa bungeni siku ile huulizwa juu ya Iraq, naye hawezi kusema alisahau.

Afrika Mashariki nayo inajua kuhesabu kwa majina inapotaka. Uganda, Desemba 2017, iliwaita wabunge jina kwa jina kuhusu kuondoa ukomo wa umri wa rais, na wananchi wakasikia 62 wakikataa mbele ya zaidi ya 300. Tanzania hupitisha bajeti ya serikali kwa karani kumwita kila mbunge naye akajibu. Kenya huhesabu pale Katiba inapodai idadi maalum, au pale wabunge thelathini wanaposimama kupinga uamuzi wa Spika juu ya sauti. Mambo mengine yote hupita kwa masikio ya aliye kitini. Desemba 18, 2014, sheria za usalama zilipitishwa katikati ya ngumi, maji yaliyomwagwa na karatasi zilizochanwa. Februari iliyofuata Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vya sheria hiyo kwa kukiuka Katiba. Vifungu vinane vilivyogusa uhuru wa watu, na katika fujo ile nani angeweza kuandika msimamo wa kila mbunge?

Baadhi ya mapendekezo ya ushuru yaliyokataliwa Juni 2024 yalirudi Desemba mwaka huo huo ndani ya sheria nyingine ya kodi, mitaa ikiwa imetulia na kamera zimeondoka. Hapo ndipo ufuatiliaji wa msimu mmoja unapofika mwisho wake. Rekodi inayotegemea hasira ya wiki moja haitoshi, na haifai kuachiwa mashirika mawili matatu yanayoishi kwa misaada.

Marekebisho yanayotakiwa hayahitaji kura ya maamuzi wala mahakama. Kifungu cha 124 cha Katiba kinaliachia Bunge litunge kanuni zake lenyewe, na ipo kamati ya kanuni yenye kazi hiyo. Kanuni moja ingetosha kuanzia: kila mswada unaotoza ushuru, kila unaoidhinisha matumizi ya fedha na kila unaobana haki iliyomo katika Sura ya Nne ya Katiba upigiwe kura kwa majina katika kusomwa mara ya pili na ya tatu, na orodha itolewe siku hiyo hiyo kwa Kiswahili na Kiingereza, wasiokuwapo wakiwamo. Vivyo hivyo kwa kura za kamati, maana mkate uliokolewa kwenye kamati. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Mgombea yeyote anayerudi kuomba kiti anaweza kuulizwa tangu sasa kama ataiunga mkono kanuni hiyo, na anaweza kuulizwa pia, kabla hajaanza kuhesabu madarasa, alikuwa upande gani Juni 21, 2023 na Juni 25, 2024.